Utando wa Bakteria na Asidi Zake za Mafuta: Historia ya Ugunduzi na ya Majina

Yapo katika Kiswahili maneno mawili yatumikayo kutaja kitu chembamba kilichofunika kitu kingine. La kwanza ni kiwambo, litokalo katika kitenzi wamba: ngozi iliyovutwa juu ya mdomo wa ngoma na kukazwa mpaka ikalia ni kiwambo. La pili ni utando, litokalo katika kitenzi tanda: utando ni ule wa buibui, ni ule uzibao jicho la mzee, na ni ule ujifanyao juu ya maziwa yaliyochemshwa na kuachwa yapoe. Waandishi wa elimu ya viumbe wamelitumia mara hili mara lile kwa ile ngozi nyembamba mno izungukayo kila seli, na wengi wamechukulia kuwa ni mamoja. Lakini si mamoja. Kitu kilichowambwa kina umbo lake na kimekazwa. Kitu kilichotanda huelea, huenea, na hufuata umbo la kile kilicho chini yake. Ipi kati ya sifa hizi mbili ni sifa ya ngozi ya seli ni jambo lisiloweza kukatwa kwa kamusi. Lilikatwa katika maabara, na shahidi mkuu alikuwa bakteria, kwa jinsi abadilishavyo asidi za mafuta zilizomo katika ngozi yake.

Asidi hizo zilijulikana kwanza mbali sana na bakteria. Michel Eugène Chevreul, mwanakemia wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1786 na kufariki mwaka 1889, alianza kwa kuchunguza sabuni, na mwaka 1823 alichapisha kitabu chake juu ya mafuta ya wanyama. Alionyesha kuwa mafuta si kitu kimoja, bali ni muungano wa gliserini na asidi za namna mbalimbali. Kila asidi ni mnyororo wa kaboni uliozungukwa na haidrojeni, na mwisho wake mmoja una kile kichwa kinachoifanya iwe asidi. Kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuihesabu minyororo hiyo kwa yakini, asidi zilipewa majina ya pale zilipookotwa. Asidi steariki ilipewa neno la Kiyunani lenye maana ya shahamu. Oleiki ikapewa jina la zeituni. Mwaka 1840 Edmond Frémy aliipata palmitiki katika mafuta ya mawese. Mwaka uliofuata Lyon Playfair akaipata miristiki katika kungumanga. Na lauriki, ambayo ndiyo iliyo nyingi kuliko zote katika mafuta ya nazi, ikaitwa kwa jina la mti wa Ulaya, kwa sababu tu matunda ya mti huo ndiyo yaliyofika mbele ya mwanakemia kwanza. Si Wazungu peke yao wenye desturi hiyo. Kungumanga yenyewe kwa jina la Kiswahili ni kungu ya Manga, kana kwamba asili yake ni Uarabuni, ilhali mti wake ni wa visiwa vya Banda, mashariki ya mbali. Mwenye kukipa kitu jina aghalabu humtazama aliyekileta, si kule kilikotoka.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa asidi margariki. Chevreul aliipata, akaona yang'aa, akaiita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya lulu. Katika miaka ya 1850 Wilhelm Heintz alionyesha kuwa lulu ile haikuwako: ulikuwa ni mchanganyiko wa palmitiki, yenye kaboni 16, na steariki, yenye kaboni 18. Jina lilibaki bila mwenyewe. Baadaye likahamishiwa asidi ya kweli yenye kaboni 17, ambayo mimea na wanyama hawanayo ila kidogo sana, kwani viumbe hao huunda minyororo yao kwa kuongeza kaboni mbili mbili. Minyororo yenye hesabu ya witri imo katika maziwa ya ng'ombe, na sehemu kubwa yatokana na bakteria waishio tumboni mwake. Hivyo basi nafasi iliyoachwa wazi na kosa la Chevreul ilikuwa ikiwangoja bakteria.

Bakteria wenyewe waliingia katika habari hii kwa njia ya ugonjwa. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kuwa amemwona bakteria wa kifua kikuu. Kumwona hakukuwa rahisi, kwani alikataa rangi zilizowakubali wenzake. Paul Ehrlich aliitengeneza njia ya Koch mwaka huo huo, akagundua jambo la ajabu zaidi: rangi ikishamwingia bakteria huyo, hata asidi kali haiitoi. Ehrlich alikisia kuwa ana gamba lisilopitisha asidi. Mpaka leo makohozi ya mgonjwa hupimwa katika zahanati nyingi kwa rangi iliyotokana na kisio hilo, iliyotengenezwa upya na Franz Ziehl na Friedrich Neelsen.

Lakini gamba hilo ni la kitu gani? Ilipita karibu nusu karne kabla swali hili kupata mtu wa kulishughulikia kwa uvumilivu uliostahili. Mtu huyo ni Rudolph J. Anderson, mzaliwa wa Uswidi, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani. Toka miishoni mwa miaka ya 1920 yeye na wanafunzi wake walikusanya bakteria waliokufa kwa wingi mkubwa, wakawatoa mafuta yao, wakayachambua fungu baada ya fungu. Mwaka 1929 Anderson pamoja na kijana Erwin Chargaff, ambaye baadaye alipata sifa kwa uchunguzi wa DNA, walitangaza asidi tuberkulosteariki. Ni ndugu ya ile steariki ya shahamu, ila katika kaboni yake ya kumi pametoka tawi dogo la kaboni moja. Kwa mara ya kwanza asidi ya mafuta iliitwa kwa jina la ugonjwa, si la mmea wala mnyama. Ikafuata asidi fthioiki, iliyopewa neno la Kiyunani la kukonda kwa kifua kikuu, nayo, kama ile lulu ya Chevreul, ilikuja kuonekana kuwa ni mchanganyiko. Mwaka 1938 Frank Stodola, Alex Lesuk na Anderson walitaja asidi mikoliki, jitu kati ya asidi zote, ambayo kwa bakteria wa kifua kikuu mnyororo wake una kaboni 70 na zaidi, na ambayo Jean Asselineau na Edgar Lederer huko Ufaransa waliufumbua muundo wake mnamo mwaka 1950.

Hapa yapasa kutua kidogo, maana ndipo kemia ya majina ya ajabu ilipogusa roho za watu. Dawa iitwayo isoniazidi ilianza kutumiwa mwaka 1952, na iliponya kabla ya kujulikana yaponyaje. Mwaka 1970 Frank Winder na Collins, huko Dublin, walionyesha kuwa humzuia bakteria asiunde asidi mikoliki. Akikosa asidi hiyo, gamba alilolikisia Ehrlich haliwezi kujengwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa hospitalini Afrika Mashariki chini ya mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza. Yalionyesha kuwa isoniazidi ikitolewa pamoja na streptomisini na rifampisini, mgonjwa aweza kutibiwa kwa miezi 6, ilhali kabla ya hapo tiba ilichukua mwaka na nusu au zaidi. Wagonjwa wa Afrika Mashariki waliokubali kujaribiwa matibabu hayo hawakutajwa kwa majina, wala haikupasa. Lakini tiba fupi itumikayo ulimwenguni leo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya miili yao.

Walakini Anderson hakuweza kujua kila asidi yakaa wapi. Alikuwa akimyeyusha bakteria mzima. Gamba la nje, ukuta, na ile ngozi ya ndani vyote vilikuwa katika chungu kimoja, na kwa muda mrefu hata kuwapo kwa ngozi hiyo mbali na ukuta kulikuwa kwa kudhaniwa tu. Katika damu ya binadamu jambo lilikwisha kuguswa: mwaka 1925 Gorter na Grendel, huko Leiden, waliyatoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakasema kuwa mafuta hayo yamepangwa kwa tabaka mbili, vichwa vipendavyo maji vikielekea nje na mikia iyachukiayo ikifichamana ndani. Hawakuyatoa mafuta yote, na eneo la chembe walilipima dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo mawili yakafutana, nao wakafika penye kweli. Wachache wamepata bahati kama hiyo.

Kwa bakteria, aliyeitenga ngozi na ukuta ni Claes Weibull wa Uswidi, mwaka 1953. Alitumia lisozimu, kimeng'enya ambacho Alexander Fleming alikitangaza mwaka 1922 na ambacho kimo katika machozi na katika ute wa yai. Lisozimu huula ukuta wa bakteria. Weibull alimweka Bacillus megaterium, ambaye umbo lake ni la kijiti, katika maji yenye sukari nyingi ili asipasuke, kisha akamtia lisozimu. Ukuta ulipokwisha, kila kijiti kiligeuka kuwa mviringo. Alipoyapunguza makali ya maji yale, miviringo ilipasuka na kuacha mizuka mitupu iliyokuwa ngozi peke yake. Yafaa kuukumbuka mviringo huo. Tone la mafuta ndani ya maji huwa mviringo, na kitu kisicho na umbo lake chenyewe hushika umbo hilo kikiachiwa. Umbo la kijiti lilikuwa la ukuta. Ngozi ya ndani, ambayo unene wake haufiki sehemu moja ya laki moja ya milimita, haikuwa na lolote la kushikilia. Kiwambo cha ngoma kikiondolewa katika mzinga wake hubaki duara la ngozi kavu. Hiki hakikuwa hivyo.

Wakati huo huo njia ya kuzipima asidi ilibadilika kabisa. Mwaka 1952 A. T. James na A. J. P. Martin, mjini London, walitangaza jinsi ya kuzitenganisha asidi za mafuta kwa kuzipitisha zikiwa mvuke ndani ya bomba refu lililojazwa kitu chenye mafuta mazito. Zilizo nyepesi hutoka kwanza, nzito hukawia, na kila moja hupimwa itokapo. Martin alikuwa ametabiri njia hiyo pamoja na R. L. M. Synge tangu mwaka 1941, na pasiwe na aliyeichukua. Kazi iliyomtaka Anderson bakteria kwa kilo sasa ilitaka punje, na iliyochukua miezi ikachukua saa. Mnamo mwaka 1963 Abel, deSchmertzing na Peterson walipendekeza kuwa bakteria waweza hata kuainishwa kwa orodha ya asidi zao, kila jamii na orodha yake.

Kwa chombo hicho A. G. Marr na J. L. Ingraham, katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, walifanya mwaka 1962 jaribio ambalo juu yake hoja yote ya makala hii imesimama. Walimkuza Escherichia coli, bakteria wa kawaida wa matumbo, katika joto la namna mbalimbali, wakazipima asidi zake. Kadiri joto lilivyoshuka ndivyo palmitiki ilivyopungua, na asidi zenye kiungo maradufu zikaongezeka mahali pake.

Maana ya badiliko hilo haitamshangaza mpishi wa pwani. Mafuta ya nazi hukaa maji siku za kaskazi, na asubuhi za kipupwe huganda chupani, kwa sababu huyeyuka penye nyuzi kama 24 au 25 za sentigredi. Steariki na oleiki zote mbili zina kaboni 18. Steariki huyeyuka penye nyuzi 69, oleiki penye nyuzi 13 tu. Tofauti yao ni kiungo kimoja maradufu, ambacho huukunja mnyororo katikati. Minyororo iliyonyooka hulala pamoja kama vijiti vya kuni katika mzigo na kugandamana, iliyopinda haipangiki. Bakteria, basi, baridi ikija, hujaza katika ngozi yake minyororo iliyopinda ili isigande. Joto likizidi, huinyoosha ili isiyeyuke kupita kiasi. Mwaka 1974 Michael Sinensky alipima mnato wa mafuta hayo na kukuta kuwa kwa bakteria waliokuzwa katika joto tofauti, ukipimwa penye joto la kukulia kwao, haubadiliki sana. Kilichohifadhiwa si orodha ya asidi. Orodha hubadilishwa ili ulaini ubaki.

Asidi ambayo Escherichia coli huitegemea kwa kazi hii ina jina ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Ni vakseniki, kutoka neno la Kilatini la ng'ombe, kwa kuwa ya kwanza ya jina hilo ilipatikana mwaka 1928 katika mafuta ya ng'ombe na siagi. Ile ya bakteria ni pacha wake aliyepinda upande mwingine. Neno hilo hilo la ng'ombe ndilo lililozaa neno la Kiingereza la chanjo, kwa sababu ya ndui ya ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 John Cronan na wenzake walionyesha kuwa badiliko hilo lahitaji kimeng'enya kimoja tu, ambacho katika baridi hufanya kazi kwa bidii zaidi kuliko wenzake. Kwa hiyo bakteria hana haja ya kungoja amri kutoka katika jeni zake. Baridi yenyewe ndiyo amri. Kwa Bacillus subtilis mambo ni mengine: mwaka 2001 Diego de Mendoza na wenzake, mjini Rosario, Ajentina, walieleza protini iliyokaa ndani ya ngozi hiyo, nayo huhisi inapoanza kukazana na kupeleka habari.

Bacillus ana njia yake ya asili pia, aliyoieleza Toshi Kaneda huko Kanada kuanzia mwaka 1963. Badala ya kupinda mnyororo, huuotesha tawi karibu na ncha ya mkia. Asidi zake nyingi zina kaboni 15 na 17, yaani katika ile hesabu iliyoachiwa jina la lulu. Na wengine wana hila nyingine. Mwaka 1950 Klaus Hofmann na Robert Lucas, mjini Pittsburgh, walipata katika bakteria wa jamii ya Lactobacillus asidi yenye kipete cha kaboni tatu katikati ya mnyororo wake, wakaiita laktobasiliki. Hakuna mwanakemia aliyekuwa ametarajia kipete cha namna hiyo katika mafuta ya kiumbe hai.

Faida ya orodha hizi ilionekana wazi baada ya msiba wa Philadelphia. Mwezi Julai 1976 askari wastaafu wa Marekani walikutana katika hoteli mjini humo. Watu 221 waliugua homa ya mapafu na 34 wakafariki, bila ya bakteria yeyote ajulikanaye kuonekana. Mwezi Januari 1977 Joseph McDade na Charles Shepard, mjini Atlanta, walimpata mshitakiwa. C. Wayne Moss na wenzake walizipima asidi zake mwaka huo huo, wakakuta kuwa nyingi ni za matawi, jambo lisilo la kawaida kwa bakteria wa kundi ambalo kwa rangi ya Gram angewekwa. Hivyo ilidhihirika kuwa hakuwa aina nyingine ya bakteria wa zamani. Mwaka 1979 alipewa jina Legionella.

Hata hivyo wenye kuainisha kwa asidi walipaswa kujihadhari na kile kile alichokionyesha Marr. Kama orodha hubadilika kwa joto, bakteria mmoja aliyekuzwa katika vyumba viwili aweza kuonekana wawili. Ndiyo sababu maabara zilikubaliana juu ya chakula kimoja, joto moja na muda mmoja kabla ya kulinganisha chochote. Baadaye usomaji wa jeni ukachukua nafasi ya kwanza katika kazi hiyo.

Kwa ushahidi huu neno kiwambo haliwezi kusimama, ijapokuwa lina sauti ya kitaalamu na huenda ndiyo iliyolipendekeza. Humfundisha mwanafunzi kuwa seli imewambwa, na hivyo atashindwa kuelewa kwa nini baridi huiua, kwa nini protini husafiri katika ngozi hiyo kama S. J. Singer na Garth Nicolson walivyoeleza mwaka 1972, au kwa nini kijiti cha Weibull kiligeuka mviringo. Utando wa maziwa uko karibu zaidi na kweli: ni mafuta kwa sehemu, huelea, huvutika, na hubadilika na joto. Kasoro yake ni moja, kwamba msikilizaji aweza kudhani kuwa ni takataka iliyoganda juu ya kitu chenye thamani. Kasoro hiyo mwalimu aweza kuiondoa kwa sentensi moja; kasoro ya kiwambo haiondoki.

Na neno utando lina fadhila nyingine, kuwa halisemi lolote juu ya kilichoutengeneza. Fadhila hii ilihitajika. Toka miaka ya 1960 Morris Kates, huko Kanada, alikuwa akichunguza viumbe wekundu waishio katika maji ya chumvi kali, walioitwa bakteria wakati huo, na katika utando wao hakukuta zile asidi za mafuta ambazo kila mtu alizitarajia. Mahali pake palikuwa na minyororo ya namna nyingine, yenye matawi mengi, iliyofungwa kwa gliserini kwa kifungo kisichovunjwa kwa njia ivunjayo mafuta ya sabuni ya Chevreul. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, kwa kusoma RNA, walitangaza kuwa viumbe wa ukoo huo si bakteria hata kidogo. Leo huitwa arkea.

Baadhi yao waliokotwa Kenya, katika Ziwa Magadi, ambako maji ni makali kwa chumvi na kwa magadi yale yale yatiwayo katika chungu cha maharagwe ili yaive upesi. Mwaka 1984 B. J. Tindall, H. N. M. Ross na W. D. Grant waliwapa mmoja wao jina Natronobacterium magadii, na neno la jikoni la Kiswahili likaingia katika Kilatini cha wataalamu likiwa na herufi moja ya nyongeza. Utando wake una minyororo ya kaboni 20 na 25, wala hauna steariki, wala oleiki, wala palmitiki ya mawese. Mwaka 1997 wataalamu walimhamisha kutoka katika jenasi ile, na jina lake la kwanza, lililokuwa likimwita bakteria, likafutwa na kuwekwa Natrialba. La pili, magadii, halikuguswa.